Muulizeni mgonjwa kwanza

Kwa mzazi, mtoto hakui. Kwa sheria hukua siku anapotimiza miaka 18, na kuanzia asubuhi hiyo baba na mama hawana tena kauli ya mwisho juu ya mwili wake. Wazazi waliotengana wanapofika mbele ya jaji kugombania matibabu ya akili ya kijana wao wa miaka 25 au 30, hilo ndilo jambo la kwanza kusahauliwa.

Magomvi haya hufanana. Mama anaishi na kijana. Ndiye anayempikia, ndiye anayefunga mlango usiku, ndiye anayejua kwamba asipolala siku mbili mfululizo mambo yataharibika. Baba ana nyumba nyingine na mke mwingine, lakini bili za hospitali analipa yeye. Mmoja anataka kijana alazwe. Mwenzake anasema dawa zimemfanya gogo, afadhali apelekwe kwenye maombi, au kwa mganga, au kwa daktari mwingine. Kila upande una wakili wake. Ndani ya hati za kiapo yanafufuka mambo ya mwaka wa talaka: nani alimkimbia nani, nani alikuwa mlevi, wazimu huu umetoka ukoo gani. Msomaji wa hati hizo atajua mengi kuhusu ndoa iliyokufa, na machache mno kuhusu anachotaka mgonjwa.

Msimamo wetu ni mwepesi kuusema: mgonjwa aulizwe kwanza, asikilizwe, na jibu lake liandikwe katika jalada kabla ya neno la baba au la mama.

Hatuwabezi wazazi. Skizofrenia na baipola mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Maana yake ni kwamba sheria humwambia mzazi akae kando wakati uleule ambapo mtoto anamhitaji kuliko alivyomhitaji tangu alipoacha ziwa. Mama aliyewahi kuficha visu vya jikoni hahitaji mhariri wa kumfundisha haki za binadamu. Tunajua pia kuwa anayesikia sauti na kuamini majirani wanamtilia sumu huweza kukataa tiba kwa sababu haamini kuwa anaumwa, na kwamba kadiri anavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyozidi kuwa kugumu. Ndiyo maana sheria inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake. Lakini mlango huo uliwekwa kwa ajili ya hatari na maradhi, na una masharti na muda wake. Mzazi asiutumie kumwonyesha mtalaka wake nani mwenye mtoto.

Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilimpa ndugu wa karibu nafasi ya kuiomba mahakama iweke msimamizi wa mgonjwa na mali yake. Marekebisho ya mwaka 2022 yaligeuza mkabala. Yalitambua haki ya mgonjwa kushiriki katika kupanga tiba yake na kutunziwa siri zake, na yakaleta cheo kipya, msaidizi: mtu anayekubaliana na mgonjwa kumsaidia kufanya maamuzi. Tayari mwaka 2008 Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinasema ulemavu haumvui mtu hadhi yake mbele ya sheria. Karatasi tunazo. Kinachobaki nyuma ni mazoea ya kumkalisha mgonjwa kwenye benchi la nje huku wazima wakimjadili ndani.

Yanayotokea mazoea hayo yakiachwa yatawale, dunia iliyaona Los Angeles. Wazazi wa mwimbaji Britney Spears walitalikiana mwaka 2002. Mapema mwaka 2008, akiwa na miaka 26 na amelazwa hospitali kwa matatizo ya akili, mahakama ilimweka chini ya usimamizi wa baba yake, nafsi na mali. Ikaonekana hana uwezo hata wa kujichagulia wakili. Hata hivyo alionekana ana uwezo wa kurekodi albamu na kupanda jukwaani Las Vegas miaka nenda rudi. Juni 2021 alimweleza jaji kuwa alipewa dawa ya lithiamu asiyoitaka na kuwekwa katika kituo cha matibabu bila hiari yake. Mwezi uliofuata mama yake mzazi naye aliiomba mahakama imruhusu binti achague wakili wake. Usimamizi ulifutwa Novemba 2021, baada ya zaidi ya miaka 13. Mwaka 2022 California ilipitisha sheria inayotaka njia ya kumsaidia mtu kuamua ifikiriwe kabla ya kumnyang'anya uamuzi.

Uingereza nayo ina somo. Sheria yake ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 iliweka orodha ya nani ahesabiwe ndugu wa karibu wa mgonjwa. Asiye na mwenzi wala mtoto hupangiwa mzazi, na wazazi wakiwa wawili, kwa kawaida hutangulia aliyezaliwa mapema, isipokuwa mmoja awe ndiye anayeishi naye na kumtunza. Kalenda ikimpa ushindi baba aliyeondoka zamani, basi ni yeye. Tume iliyoongozwa na Profesa Simon Wessely ilipendekeza mwaka 2018 kwamba mgonjwa amteue mwenyewe mtu wa kumsemea, na muswada uliofikishwa bungeni Novemba 2024 ulilibeba pendekezo hilo.

Asiyeona uzito wa jambo hili na aitazame dawa moja tu, klozapini, ambayo hutolewa dawa nyingine zinaposhindwa. Wiki za mwanzo damu hupimwa kila wiki. Mgonjwa akiikosa kwa zaidi ya saa 48, hawezi kurudia kipimo chake cha kawaida. Huanzishwa upya kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu. Sasa mfikirie kijana anayelala Jumatatu kwa mama anayeamini dawa na Ijumaa kwa baba anayezitupa chooni. Wikendi moja ya ubishi wa watu wazima inaweza kumrudisha wodini kwa wiki kadhaa.

Tunayoyataka si magumu. Jaji amwone mgonjwa ana kwa ana, hospitalini ikibidi, wazazi wakiwa nje. Mgonjwa awe na wakili wake, asiyelipwa na baba wala mama. Ripoti ya tiba itolewe na daktari ambaye hakuletwa na upande wowote. Amri ya kumlazimisha mtu kutibiwa iandikwe mwisho wake, na sababu zake ziandikwe kwa lugha anayoielewa. Shauri lisikilizwe faraghani, tena upesi, kwa sababu kesi inayoahirishwa miezi mitatu humwacha mtu miezi mitatu bila mpango wa tiba. Na anayeomba kusimamia mgonjwa aeleze pia habari za shamba, ploti au fidia iliyo kwa jina la mgonjwa huyo. Huruma ya ghafla huwa na hati miliki nyuma yake.

Madaktari nao wasijifiche. Mzazi anayelipa bili hakununua siri za mgonjwa, na mzazi anayemleta kliniki hakupata haki ya kujibu maswali yote kwa niaba yake.

Wazazi tunawaomba jambo moja. Ndoa imekwisha, lakini maradhi haya yana vipindi, na kati ya kipindi na kipindi kuna miezi ambayo kijana yu timamu: anafanya kazi, anacheka, anajua dawa ipi inamfaa na ipi inamtetemesha mikono. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wodi hiyo ameilalia yeye. Msingoje alipuke ndipo mkimbilie mahakamani. Chagueni siku moja njema, mkae naye na kalamu na karatasi, mbele ya daktari wake. Mwulizeni ni dalili gani zikionekana aende hospitali, hospitali ipi, dawa ipi asipewe, na nani aitwe kumsemea. Aandike, atie sahihi, kila mmoja wenu abaki na nakala.

Na ukiwa wewe ndiwe umeishika karatasi hiyo, naye akamtaja mtalaka wako, liache jina hilo kama alivyoliandika.