Fedha za filamu za kubuni: Nani hunufaika, mwenye shamba au mwenye jina?

KAMPUNI ya Warner Bros. ya Marekani imetangaza kuwa filamu mpya katika mfululizo wa The Lord of the Rings, itakayoitwa The Hunt for Gollum, itaingia katika majumba ya sinema Desemba 17, 2027. Mwongozaji wake ni Andy Serkis, mwigizaji yule yule aliyempa uhai kiumbe Gollum katika filamu za awali.

Kwa mashabiki wa hadithi za kubuni zenye majitu, wachawi na pete za ajabu, hiyo ni habari ya burudani. Lakini kwa wafugaji, wapika mikate na wenye nyumba za wageni wa New Zealand, ni habari ya biashara. Nchi hiyo ndiko filamu sita za mwanzo zilikopigwa, na ndiko lilipo shamba la kondoo ambalo leo linajulikana duniani kuliko mashamba mengi ya nchi hiyo.

Kisa cha shamba hilo kinastahili kuangaliwa kwa makini na mkulima na mfanyabiashara mdogo wa hapa nchini. Kinaonyesha jinsi ardhi ya kawaida inavyoweza kuzaa mapato yasiyotokana na mazao wala mifugo, na kinaonyesha pia mapato hayo yanakopotelea.

Kutoka sufu hadi tiketi

Shamba lenyewe ni la familia ya Alexander, karibu na mji mdogo wa Matamata katika mkoa wa Waikato, mwendo wa takriban saa mbili kwa gari kutoka Auckland. Lina ukubwa wa ekari 1,250 na lilikuwa likifuga kondoo na ng'ombe wa nyama aina ya Angus. Mwaka 1998 mwongozaji Peter Jackson na watu wake walikuwa wakizunguka kwa ndege wakitafuta mahali pa kujenga kijiji cha hobbit, yaani watu wafupi wa kubuni waishio katika nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa vilima. Hadithi ya watu hao ilitungwa na J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892.

Kilichowavutia watengenezaji wa filamu si kitu ambacho mkulima angekitangaza. Vilima vilikuwa vya kijani, kulikuwa na mti mkubwa kando ya bwawa, na hapakuwa na nguzo za umeme wala majengo mapya ya kuharibu picha. Kwa lugha ya soko, upungufu wa maendeleo ndio uliogeuka kuwa bidhaa.

Ujenzi ulianza Machi 1999, na Jeshi la New Zealand lilisaidia kuchonga barabara ya kuingilia. Upigaji picha ulianza Desemba mwaka huo na kuchukua takriban miezi mitatu. Baada ya hapo, kwa mujibu wa makubaliano, kila kitu kilipaswa kubomolewa na shamba kurudishwa lilivyokuwa. Mvua ndiyo iliyosimamisha kazi ya kubomoa. Zilibaki sura 17 za nyumba, za mbao nyembamba tu, zisizo na rangi wala vyumba nyuma yake.

Ni mabaki hayo yaliyoanzisha biashara. Baada ya filamu ya kwanza kuonyeshwa Desemba 2001, watu walianza kutaka kuliona shamba kwa macho yao, na mwaka 2002 familia ikaanza kutembeza wageni kwa malipo. Filamu ya tatu ilipoonyeshwa mwaka 2003 na baadaye kunyakua tuzo 11 za Oscar, shamba lilikuwa tayari na mlango wa kukusanyia kiingilio.

Jackson aliporudi kupiga filamu tatu za The Hobbit, zilizotoka mwaka 2012, 2013 na 2014, mambo hayakwenda kama mara ya kwanza. Safari hii kijiji kilijengwa kwa vifaa vya kudumu, na jumla ya nyumba za hobbit zikafika 44. Juu ya nyumba kuu ulisimikwa mti wa chuma na silikoni, wenye majani bandia zaidi ya 200,000 yaliyofungwa moja moja kwa waya. Biashara ya kutembeza wageni ikawa ya ubia kati ya familia na Jackson. Desemba 2012 ikafunguliwa baa yenye sura ile ile ya kwenye filamu, na Desemba 2023 wageni wakaanza kuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba zilizotengenezwa kwa ukamilifu.

Kabla ya janga la korona, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakifika shambani hapo kila mwaka. Kiingilio cha mtu mzima siku hizi kinazidi dola 100 za New Zealand. Wakati huo huo, idadi ya kondoo nchini humo imeshuka kutoka milioni 70 mwaka 1982 hadi chini ya milioni 25, na mara nyingi bei ya sufu nzito imekuwa haitoshi hata kulipa gharama ya kumkata kondoo manyoya. Katika hali hiyo, si vigumu kuona kwa nini tiketi imekuwa zao.

Faida pia haikuishia getini. Bia inayouzwa katika baa ya shambani hutengenezwa na kiwanda cha mji jirani wa Hamilton. Mji wa Matamata, ambao zamani ulijulikana kwa maziwa na farasi wa mashindano, sasa una migahawa na nyumba za wageni zinazoishi kwa wapita njia, na hata ofisi yake ya habari za watalii imejengwa kwa umbo la nyumba ya hobbit.

Jina lina mwenyewe

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Familia ya Alexander inamiliki vilima, lakini haimiliki neno "hobbit". Haki za kutumia majina na wahusika wa hadithi hizo katika filamu, michezo ya kompyuta na bidhaa ziko mikononi mwa kampuni ya Middle-earth Enterprises, ambayo mwaka 2022 ilinunuliwa na kundi la Embracer la Sweden. Mwenye jina ana uwezo wa kulihamishia kokote anakoona kuna faida.

Jambo hilo lilidhihirika Agosti 2021. Kampuni ya Amazon ilikuwa imepiga nchini New Zealand sehemu ya kwanza ya tamthilia ya The Rings of Power, kwa gharama iliyotajwa na serikali ya huko kuwa takriban dola milioni 650 za New Zealand. Wenyeji walitarajia kazi ya miaka mingi. Badala yake Amazon ikatangaza kuwa sehemu ya pili itapigwa Uingereza. Mafundi seremala, madereva na wapishi waliokuwa wakitegemea kazi hiyo walijikuta wakitafuta shughuli nyingine.

Ushindani wa nchi ndio unaozipa kampuni hizo nguvu. New Zealand hurejeshea kampuni za kigeni asilimia 20 ya gharama zinazotumika nchini, na asilimia 5 ya ziada kwa zinazotimiza masharti maalumu. Mei 2025 serikali ilitangaza kuongeza dola milioni 577 za nchi hiyo katika mfuko huo. Mwezi huo huo Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza nia ya kutoza ushuru wa asilimia 100 kwa filamu zinazotengenezwa nje ya nchi yake. Kauli moja ya mwanasiasa ng'ambo ilitosha kuwakosesha usingizi watu wa kijijini waliokodisha ghala au kuwekeza katika vyumba vya wageni.

Wafanyakazi nao walionja makali hayo mapema. Oktoba 2010, wakati wa mgogoro wa waigizaji na watengenezaji wa The Hobbit, Bunge la New Zealand lilibadili sheria ya kazi ndani ya siku chache ili filamu zisihamishwe. Wafanyakazi wa filamu wakahesabiwa kuwa makandarasi, si waajiriwa. Ilipita miaka 12 kabla ya sheria nyingine, ya mwaka 2022, kuwarudishia nafasi ya kujadiliana kwa pamoja kuhusu malipo.

Jangwani na barabarani

Barani Afrika uko mfano wa tofauti. Mwaka 1976 George Lucas alipiga sehemu ya Star Wars kusini mwa Tunisia, na jina la sayari ya jangwa katika filamu hiyo, Tatooine, linafanana na la mji wa Tataouine wa huko. Mwaka 1997 kilijengwa kijiji kizima cha sinema karibu na Tozeur kwa ajili ya filamu ya mwaka 1999. Kazi ilipokwisha, majengo yaliachwa jangwani.

Watalii walikwenda, na wapo wenyeji waliopata riziki kwa kuuza vinyago na kukodisha ngamia. Lakini majengo hayakujengwa yadumu, na upepo ulisogeza vilima vya mchanga hadi vikaanza kuyafunika. Nyumba nyingine ya filamu hiyo, iliyoko kwenye uwanda wa chumvi, ilikarabatiwa mwaka 2012 kwa fedha zilizochangwa na mashabiki wenyewe kutoka nje. Mashambulizi ya kigaidi ya mwaka 2015 dhidi ya watalii yakaididimiza biashara zaidi.

Ireland ya Kaskazini ilipata tatizo la kinyume, yaani wageni kuzidi. Barabara moja ya kijijini yenye miti iliyopandwa karne ya 18 ilionekana kwa muda mfupi tu katika tamthilia ya Game of Thrones, ikafurika magari. Mwaka 2017 ilibidi magari yapigwe marufuku ili kunusuru mizizi, na mwaka 2023 miti kadhaa iliyozeeka ikakatwa kwa usalama wa watu. Aliyechuma faida ni mwenye basi la watalii, na aliyebaki na barabara ya kutunza ni mwenyeji.

Somo kwa hapa nyumbani

Si kila mwenye shamba Lushoto au Njombe atagongewa mlango na mtengeneza filamu. Lakini wapo wanaogongewa na wawekeza minara ya simu, wapiga picha za matangazo na wenye kambi za watalii, na maswali ni yale yale. Je, mkataba ni wa muda gani? Mazao na malisho yatakayokanyagwa yatafidiwa kwa bei ipi? Kitakachojengwa kitabaki au kitaondolewa, na nani atalipa? Mwenye ardhi anaruhusiwa kuingiza wageni baadaye na kulitumia jina la mahali? Pale Matamata, familia ilijibu swali la mwisho baada ya mvua kuisaidia. Si busara kuingoja mvua.

Kwa ardhi ya kijiji kuna jambo la ziada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeiweka ardhi hiyo chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, inayowajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Makubaliano ya mwenyekiti peke yake na mgeni mwenye gari zuri yanaweza kuzaa mgogoro mrefu kuliko faida.

Kwa mfanyabiashara mdogo, suala la jina ni la kila siku. Mabegi ya shule na fulana zenye picha ya Spider-Man hununuliwa haraka kila shule zinapofunguliwa. Mhusika huyo ni mali ya Marvel, kampuni iliyonunuliwa na Disney mwaka 2009. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na mara nyingi anayekutwa na mzigo ni muuzaji wa rejareja, si aliyeuagiza. Kumuuliza msambazaji risiti na chanzo cha mzigo ni kinga ya bei nafuu.

Njia yenye faida ya kudumu ni kuwa na jina lako mwenyewe. Hadithi za Sungura na Fisi ni za wote, lakini mchoro mpya wa Sungura ni mali ya aliyeuchora, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Dalili kwamba soko lipo zimeonekana. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi, filamu fupi kuhusu dunia iliyoishiwa maji. Mwaka 2023 Disney ilionyesha Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni 10 za kisayansi za Kiafrika wenye jina la Kiswahili. Mojawapo, ya Raymond Malinga wa Uganda, inahusu wachungaji wa ng'ombe.

Hapa ndipo penye kufikirika. Pumzi, pamoja na kuwa hadithi ya Mkenya, ilipigwa Afrika Kusini, na Kizazi Moto kilisimamiwa na studio ya huko huko. Jina la Kiswahili na ng'ombe wa Afrika Mashariki vimeingia sokoni, huku ujira wa mafundi, wapishi na wenye nyumba za kupanga ukienda kulipwa kwingine. Mchungaji ameshaingia kwenye hadithi. Iliyobaki ni kazi ya wizara zinazohusika na sanaa, ardhi na biashara kukaa meza moja, na ya wakulima wenyewe kujua thamani ya kilima kabla mgeni hajaja kuwaambia ni kizuri.