MANEMANE SI UCHAWI

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Giza hilo nimeliona humu humu shuleni mwetu.

Muhula uliopita nilirudi kutoka kwetu Wajir na kijifuko cha malmal, yaani manemane, nilichopewa na nyanyangu kwa ajili ya vidonda vya kinywa. Wakati wa ukaguzi wa masanduku, kiranja alikinusa, akaruka nyuma na kupiga kelele, "Huyu ametuletea uchawi!" Bweni zima likaangua kicheko. Kijifuko kikaishia jalalani. Nilinyamaza, lakini roho iliniuma.

Ati uchawi! Si ni wenzangu hao hao ambao kila Krismasi huigiza mamajusi wakimpelekea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane? Je, manemane ya jukwaani ni takatifu, na ya nyanyangu ni ya kishetani?

Enyi wenzangu, manemane ni utomvu wa mti tu. Gome linapopasuka, utomvu hutoka na kukauka ukawa vipande vya rangi ya hudhurungi. Mti huo, ambao wataalamu huuita Commiphora myrrha, huota katika nchi kavu kama Wajir na Mandera. Ubani ni wa jamaa yake, na kwetu tunaufukizia nguo na nyumba.

Wanaookota utomvu huo ni akina mama na wachungaji, kwa miguu, katika jua kali. Mchuuzi huununua kwa kilo, tena kwa bei apendayo yeye. Kisha huvushwa ng'ambo kutengenezwa manukato na dawa. Manukato hayo yakirudi katika chupa maridadi, twajipaka kwa maringo!

Sisemi kwamba manemane hutibu kila kitu. Mwenye malaria aende hospitalini, na mwenye pumu ajiepushe na moshi wa ubani. Lakini dawa ya manemane ya kusukutua kinywa imo hata katika vitabu vya wafamasia.

Kwa hivyo naomba hivi: kijifuko kingine kikionekana, kisitupwe jalalani. Kipelekwe maabara, mwalimu wa kemia atuonyeshe jinsi mafuta yake yanavyokamuliwa kwa mvuke. Huenda siku moja mmoja wetu akafungua kiwanda huko huko Wajir, nyanyangu akalipwa haki yake.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kalamu naiweka chini.