Kalamu ya Mhudumu ni Amana



Vijana wetu wengi, hasa mabinti, wanajiunga na vyuo kusomea ustawi wa jamii, ushauri nasaha na afya ya jamii. Tunawapongeza wao pamoja na wazazi wao. Hata hivyo, tunapohesabu karo, nauli na gharama za malazi, tunasahau kujiuliza jambo moja: je, kijana huyu anaweza kuandika ripoti itakayomtendea haki mtu asiyekuwepo kujitetea?

Hili si suala la kupita mtihani tu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitaka mahakama itangulize maslahi ya mtoto, na mahakama yaweza kuitisha ripoti ya afisa wa watoto kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Hakimu hakufika nyumba ile. Yeye husoma kilichoandikwa na aliyefika.

Shuleni, insha husifiwa kwa methali, tashbihi na maneno ya kugusa moyo. Ripoti haitaki mapambo hayo. Tuchukue mfano. Mwanafunzi mmoja aandika: “Mama huyu ni mzembe, hawajali wanawe.” Mwingine aandika: “Tulifika Jumanne saa nne asubuhi. Tuliwakuta watoto wawili, wa miaka minane na mitano, wakiwa peke yao. Jirani alisema kwamba mama hutoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu, na hurudi adhuhuri. Mama mwenyewe hatujazungumza naye.” Wa kwanza amekwisha kuhukumu. Wa pili ameeleza aliyoyaona, amemtaja aliyemwambia, na amekiri kwamba mwenye habari bado hajasikizwa.

Jambo hili si geni kwetu. Wanazuoni wa Hadithi hawakupokea neno mpaka wajue limepokewa kwa nani, naye alilisikia kwa nani. Mhudumu wa jamii naye atenganishe mambo matatu: aliyoyaona, aliyoambiwa na nani, na anayodhani yeye mwenyewe. Dhana isivishwe kanzu ya ushahidi.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, yahusu kuandikiana deni. Humo mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu, na anayedaiwa ndiye atoaye imla. Akiwa hawezi, walii wake humtolea kwa haki. Tunajifunza kwamba mwandishi si mwenye maneno. Basi mhudumu akimaliza kuandika maelezo ya mjane au mzee, amsomee, naye apate kusahihisha.

Hapa kwetu Pwani pana ugumu mwingine: watu husimulia kwa Kiswahili, na ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Mke akisema “mume wangu amenitupa,” maana yake ni kwamba ameachwa bila ya matunzo. Likifasiriwa neno kwa neno, msomaji atadhani ameangushwa chini. Ni salama kuyaandika kwanza maneno yake kama alivyoyatamka, kisha kufuatisha maana.

Pia kuna sitara. Yanayoandikwa ni siri za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Yasiyohusiana na msaada unaotafutwa yasiingizwe katika ripoti, wala daftari lisiachwe wazi sebuleni, wala picha ya ukurasa isitumwe kwa shoga. Dini yetu ilikwisha kutukataza kusengenya, hata kama msengenyaji ana cheti.

Mafunzo haya yaweza kuanza nyumbani bila ya gharama. Mara moja kwa wiki, kijana na akae na bibi yake, amsikilize akisimulia jambo moja, kisha aliandike kwa sentensi kumi fupi: nani, lini, wapi, kilitokea nini, nani alisema nini. Halafu amsomee. Bibi akisema, “Sikusema hivyo, mjukuu wangu,” kijana na afute aandike tena, bila ya kubishana. Akizoea kusahihishwa na bibi yake, hataona vigumu kusahihishwa na mama masikini aliyeketi mbele yake ofisini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie kalamu za watoto wetu ziwe za uadilifu. Wabillahi tawfiq.