Waje Masito, Lakini Wasije na Miche

Kampuni kubwa duniani zimeanza kubadili bidhaa zinazozinunua misituni. Awali zililipa ili msitu usikatwe. Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na wenzake walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya hewa ukaa vya misitu ya mvua vilivyoidhinishwa na shirika la Verra havikupunguza chochote. Verra iliyakana madai hayo, lakini wanunuzi walishtuka, na wengi sasa wanataka hewa ukaa iliyoondolewa angani kwa miti inayokua. Microsoft iliahidi tangu 2020 kwamba ifikapo 2030 itaondoa nyingi kuliko inayotoa. Ardhi ya kazi hiyo itatafutwa Afrika, na mwambao wa Ziwa Tanganyika, penye misitu ya Masito wilayani Uvinza, mkoani Kigoma, hautasahaulika.

Mimi nasema waje, ila wasije na miche. Kule Kachung, Uganda, kampuni ya Green Resources ilipanda miti ya kigeni, wenyeji wakalalamika kwamba wamenyimwa malisho na mashamba. Mwaka 2015 Shirika la Nishati la Sweden, lililokuwa mnunuzi, likasimamisha malipo. Msitu wa kupandwa unahitaji ardhi tupu, na ardhi tupu Kigoma ni ya kwenye ramani tu. Ukifika mahali penyewe utakuta mihogo, michikichi au mizinga ya mtu.

Miombo ya Masito haihitaji hata hiyo miche. Myombo ukikatwa, mizizi hubaki hai. Kisiki kikiepushwa na moto wa kiangazi na ng'ombe, huchipua na machipukizi hurefuka haraka kuliko mche wa kitaluni. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe vimeyaona hayo chini ya mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994. Wasukuma wa Shinyanga nao walifufua ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, kwa njia hiyohiyo wakati wa mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI. Gharama kubwa hapa ni ya ulinzi: doria, njia za kuzuia moto, posho za vijana. Hizo ndizo kampuni ilipie.

Je, fedha zitafika kijijini? Kusini mwa Uvinza, wilayani Tanganyika, vijiji vinane vya mradi wa Ntakata, vikiwemo Mwese na Lugonesi, vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kulinda misitu yao, vikajenga madarasa na zahanati. Huko wanalipwa kwa kutokata, lakini msingi ni uleule: ardhi ni ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mipaka imepimwa, na mkutano mkuu una sauti. Masito na Ugalla kulikuwa na jaribio la fedha za Norway mapema zaidi, lakini mradi uliisha kabla soko halijafika vijijini. Matumaini yaliyoachwa hayakulipwa na mtu.

Kuna pingamizi ambalo wapenda misitu hulipita harakaharaka. Mkaa unaopikiwa dagaa na ugali wa Kigoma mjini lazima utoke mahali. Ukifunga Masito bila kutenga eneo la kuvuna kwa zamu, shoka litahamia bonde la pili, na ile tani ya hewa ukaa iliyouzwa Ulaya itakuwa ya uongo. Mkataba usiogusa suala la mkaa, kwangu mimi, haufai kutiwa saini.

Muda nao ni mtego. Mikataba hii hufunga miongo, ilhali bei ya soko hupanda na kushuka kila mwaka. Mjukuu ambaye hajazaliwa atalinda msitu kwa bei aliyokubali babu yake.

Wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Uvinza na Kigoma, mkiletewa mkataba, daini usomwe wote kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, kiwepo kipengele cha kupitia bei upya, na bei ambayo kampuni inauzia tani moja huko nje itajwe hadharani kabla mwenyekiti hajashika kalamu.