Mambo ya Kilifi: Kijana Anapoaga Shule

Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukielekea mwisho, barabara ya Kaloleni huwa na wasafiri wa namna moja. Ni wavulana warefu waliovaa sare zilizokwisha kuwabana, kila mmoja na sanduku lake la bati na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Hao ndio waliomaliza mtihani wa kidato cha nne, na miongoni mwao wamo vijana wa St. George's, shule ya Katoliki ya wavulana iliyoko upande huo wa Giriama. Wengine hushuka njiani kwenye minazi, na wengine huendelea mpaka Kilifi, Malindi na Magarini. Wote wanacheka. Wanaowangojea nyumbani ndio wenye mawazo.

Majuma machache kabla ya mtihani, katika shule nyingi za namna hii, hufanywa siku ya maombi. Wazazi hualikwa, Misa husomwa, na padre huwabariki watahiniwa pamoja na kalamu zao. Tena si watoto wa Wakatoliki peke yao wanaoketi pale. Wamo wana wa Waanglikana na Wamethodisti, wamo Waislamu, na wamo wana wa wazee ambao hata leo wanaiheshimu kaya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni zilizosaidiwa na fedha za umma chini ya uangalizi wa Serikali, kanisa likabaki kuwa mdhamini. Walimu nao huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 1967. Hivyo shule ni ya kanisa kwa malezi, na ni ya wananchi wote kwa haki.

Siku hiyo sifa huwa nyingi. Mwalimu huwasifu wanafunzi, mgeni wa heshima humsifu mwalimu, na mzazi hurudi nyumbani akiamini kwamba mwanawe amekwisha kuwa daktari. Wazee wa Pwani, wanaoijua kazi ya mnazi, walisema zamani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa si mbaya. Lakini kuna jambo moja ambalo aghalabu halisemwi siku hiyo, nalo ndilo ambalo kijana angepaswa kulijua kabla ya yote, yaani hesabu ya elimu yake.

Ni kweli kwamba Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari mwaka 2008, na kiwango kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Lakini fedha hizo ni za masomo. Mvulana anayelala bweni hulipiwa chakula na malazi na mzazi wake, na juu ya hayo kuna sare, nauli, sabuni na godoro. Mkulima wa Kaloleni au Ganze hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Zamani alikuwa na korosho za kumsaidia. Lakini kiwanda cha korosho cha Kilifi kilifungwa katika miaka ya 1990, na tangu hapo mkulima aliachiwa wachuuzi wanaopita na mizani zao na kutaja bei waitakayo wao.

Basi mzazi hufanya kama walivyofanya babu zake, huweka minazi rehani. Desturi hii ni ya siku nyingi kwa Wagiriama. Mtaalamu Mwingereza, David Parkin, aliyekaa huko katika miaka ya 1960, aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1972. Wakati ule fedha zilitafutwa hasa kwa ajili ya mazishi na mahari. Siku hizi karo imeongezwa katika orodha hiyo. Mwenye shamba hupokea fedha mbele ya mashahidi, na aliyetoa fedha huangua nazi na kugema tembo mpaka fedha zake zirudi. Zisiporudi, minazi hupotea, na mara nyingine ardhi iliyo chini yake huifuata.

Wazazi wengi huwaficha watoto wao habari hizi. Husema, "Mtoto anasoma, asisumbuliwe na madeni." Hiyo ni huruma, walakini ni huruma inayozaa majuto. Mfano wake ni kijana anayerudi nyumbani mwezi wa Desemba, akaamka asubuhi na kumwona mgema asiyemjua akiukwea mnazi ulio karibu na jiko la mama yake.

"Baba, huyu ni nani?" huuliza.

"Ni mgema wa mwenye fedha, mwanangu. Minazi hii imo mkononi mwake tangu ulipoingia kidato cha pili."

Kijana hunyamaza. Alikuwa akiandika barua ya kudai viatu vipya, akanuna havikuletwa, wala hakujua kwamba kila muhula ulikuwa na minazi yake.

Deni la pili ni la shule yenyewe. Baada ya matokeo, cheti hupelekwa shuleni, na kijana hukifuata huko. Ikiwa karo ilibaki, kuna mahali ambapo huambiwa arudi na fedha kwanza. Hapa yafaa kila mzazi aijue sheria. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 10, inasema kwamba cheti kisizuiwe na mtu wala taasisi yoyote. Wengi hawaijui, na wengine huona haya kwenda ofisini mikono mitupu, basi cheti hulala kabatini miaka na miaka, na mwenyewe huomba kazi kwa maneno tu. Asiye na fedha na aende vivyo hivyo. Aombe cheti kwa adabu, tena aandikishe namna atakavyolipa kidogo kidogo. Sheria haikulifuta deni, na dawa ya deni ni kulipa. Mwalimu mkuu naye anadaiwa na muuza mahindi na maharagwe waliyokula wanafunzi hao hao.

Baada ya hayo kuna muda ambao vijana wengi hupotea ndani yake. Matokeo kwa kawaida hutangazwa mwezi wa Januari, lakini vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya karibu na Agosti au Septemba. Tangu mtihani mpaka chuo ni miezi kama tisa. Desemba ni msimu wa wageni Malindi na Watamu, na kazi za kibarua hotelini na ufuoni hupatikana. Na kijana mwenye rafiki mwenye pikipiki hupata abiria siku hiyo hiyo. Kazi hizi hazina aibu. Hatari yake ni kwamba fedha ya kwanza ni tamu, nayo humfanya kijana aone kwamba chuo ni mbali na kwamba baba hana haja. Mwezi wa Septemba ukifika, wenziwe wameondoka, msimu umekwisha, na yeye hana akiba wala barua ya kuitwa.

Kijana wa Kilifi leo ana njia ambazo kaka zake hawakuwa nazo. Mahali palipokuwa Chuo cha Kilimo cha Kilifi paligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 pakawa Chuo Kikuu cha Pwani chenye hati yake kamili. Aliyepata C+ anaweza kuomba shahada hapo hapo katika kaunti yake. Aliyepata chini ya hapo asijione ametupwa, kwa maana stashahada huanzia C-, na vyuo vya ufundi hupokea hata walio chini yake. Kuna mafunzo ya utabibu Kilifi na Malindi. Tena taasisi ya KEMRI pale Kilifi, inayoshirikiana na Wellcome Trust tangu mwaka 1989, imekuwa na mpango wa kuwachukua baadhi ya vijana waliofanya vizuri katika shule za huko, wakae miezi michache wakijifunza kazi ya utafiti kabla ya kwenda chuo. Lakini milango hii haifunguki kwa asiye na karatasi. Kijana aliyetimiza miaka 18 atafute kitambulisho mara moja, kwa kuwa bila hicho hata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu utamshinda.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ni ya kumtoa mtu kwao. Kaloleni yenyewe ina mfano wake. Ronald Ngala, mwana wa upande huo, alisoma St. John's Kaloleni, akaenda Alliance, na kisha Makerere. Alipohitimu alirudi Pwani kufundisha, akawa mwalimu mkuu, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Shule yake ya kwanza ilikuwa ya Waanglikana, lakini fundisho lake latosha kwa Mkatoliki na kwa Mwislamu. Waliompigia kura walikuwa wamekwisha kuiona faida ya masomo yake madarasani mwao, kabla hajasimama jukwaani.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Mtihani wa KCSE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1989, na wanafunzi walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio wa mwisho katika mpango huo. Wao mtihani wao ni wa mwaka 2027. Mwaka 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza, na tangu Januari 2026 wanaoingia ni wa gredi ya 10, wenye mtaala wa namna nyingine. Zamani kaka alimwachia mdogo wake vitabu vyake, na mzazi akapumua kidogo. Sasa vitabu vya kaka havimfai tena mdogo, na mzazi aliyedhani amefika mwisho wa gharama huanza upya, huku minazi ya kaka bado iko rehani.

Kwa hiyo lipo shauri moja kwa nyumba zote zinazompokea kijana mwenye sanduku la bati. Jioni moja, kabla ya matokeo kutoka, baba na mama waketi naye, nao wamweleze kila kitu. Ni minazi mingapi iliyowekwa, kwa nani, kwa shilingi ngapi, na mashahidi ni kina nani? Shuleni imebaki karo gani? Ni nani anayefuata nyuma yake? Mali bila daftari hupotea bila habari. Mashahidi wa minazi ni wazee, na wazee hufa. Mwenye deni akibaki na maneno tu, huenda mahakamani bila kitu mkononi.

Kalamu ashike kijana mwenyewe. Amesoma hesabu miaka kumi na miwili, na hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ambayo jibu lake halimo nyuma ya kitabu. Akiimaliza, amsomee baba yake kwa sauti, kisha daftari liwekwe ndani ya lile sanduku la bati, mahali ambapo mdogo wake ataliona.