Mwalimu Mkuu Ajiulizapo

Leo tupite Ihembe, kule Karagwe.

Wewe wa Ihembe, ukiletewa mbolea ngeni huimwagi kibanja kizima. Watia penye mashina matano ya migomba, matano mengine waacha, kisha wangoja mikungu. Usipoona tofauti, wabadili njia. Kazi ya namna hiyo yafanyika shuleni pia, na walimu waiita utafiti tendaji. Bwana Kurt Lewin, aliyetoka Ujerumani akahamia Marekani, aliandika habari zake mwaka 1946.

Tuchukue mfano. Mwalimu Mkuu aona watoto wa darasa la tatu hawafiki shuleni. Jibu la upesi analo: wazazi hawajali, watoto wamo mashambani wakichuma kahawa. Labda. Lakini mwenye kutafiti hufungua daftari la mahudhurio, akahesabu siku kwa siku muda wa wiki nne. Huwauliza watoto kwa upole. Hufika majumbani. Na huenda akakuta kisa kipo langoni pake mwenyewe: mtoto aliyekawia kwa kuteka maji amwona mwalimu wa zamu ameshika fimbo, arudi nyuma, ashinda vichakani hadi jioni, na mama yake adhani yumo darasani!

Hapo ndipo penye ugumu, sitaficha. Si jambo jepesi Mwalimu Mkuu kukiri mbele ya walimu walio chini yake kwamba amri yake ndiyo iliyowafukuza watoto. Akikiri, ajaribu mwezi mmoja: wachelewaji waingie bila fimbo, kazi iliyowapita waifanye wakati wa mapumziko. Kisha daftari tena. Hesabu isipopanda, sababu ni nyingine, arudi kuuliza.

Semina tunazijua: siku mbili za kuketi, na maandishi kulala kabatini. Chuo cha ADEM, Bagamoyo, hufundisha wakuu wa shule uongozi, na mpango wa Serikali uitwao MEWAKA huwataka walimu wakutane shuleni mwao kujadili shida zao. Hayo ni mema, lakini daftari la shule yako halipo Bagamoyo.

Basi wewe baba, nawe mama, Mwalimu akija kuuliza, “Mtoto alikuwa wapi Jumanne?” usimpe jibu la kumpendeza, maana uongo wako utaingia katika hesabu yake. Kama alibaki kumbeba mdogo wake nawe u shambani, mwambie hivyo hivyo.