Kabla ya Kununua Samaki wa Venezuela, Fuga Fulu

Wacha niseme ukweli hata kama unaniaibisha: niliwahi kuua samaki wanne kwa siku sita. Walikuwa ramu wa buluu, wale wadogo wenye rangi kali unaowaona kwa TikTok. Niliwanunua Nairobi, nikawapakata ndani ya mfuko wa plastiki kwenye basi la usiku mpaka Migori. Asubuhi nikajaza tangi maji ya mfereji, nikapanga mawe vizuri, nikawamwaga ndani. Siku ya tatu walikuwa juu wakihema. Siku ya sita mama akachungulia, akauliza, "Sasa hawa hata kwa sufuria si hawatoshi?"

Kosa halikuwa la aliyeniuzia. Lilikuwa langu.

Ramu ni samaki wa mito ya Venezuela na Kolombia, kwenye maji laini yenye asidi kidogo na joto la kutosha. Mimi niliamini maji ni maji. Na mimi ni mtoto wa huku, nilifaa kujua zaidi. Nenda Kendu Bay uangalie Ziwa Simbi. Liko karibu kabisa na Ziwa Victoria, lakini maji yake ni ya magadi na samaki hawaishi humo. Flamingo ndio huja kula pale. Maziwa mawili jirani, na samaki wa moja hawezi kuhamia kwa lingine. Halafu mimi namtoa samaki bara lingine namrusha kwa maji ya mfereji wa Migori, tena yenye klorini!

Kilichowamaliza hasa ni amonia. Samaki huitoa mwilini kila saa, na chakula kinachooza chini huiongeza. Ndani ya tangi lililokomaa kuna bakteria kwenye mawe na sponji ya filta wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Tangi jipya halina jeshi hilo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na huu mzunguko wa naitrojeni nilishafundishwa nikiwa sekondari nikasinzia. Ilibidi samaki wanne wafe ndiyo uniingie.

Sasa hoja yangu ni hii: kijana wa Homa Bay au Migori anayetaka kufuga samaki wadogo wa mapambo asianzie Amerika Kusini. Aanze na fulu.

Najua unacheka. Fulu kwetu ni samaki wa kukaushwa na kuuzwa kwa mafungu, au chambo. Hapo ufuoni Homa Bay nilimkuta mzee mmoja na beseni la fulu hai, anawatunga kwa ndoana za kunasa mbuta. Nikamwomba watano. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, "Nyathina, unataka kuwafanyia nini?" Nilipomwambia nataka kuwaangalia tu, akanipa bure, akaendelea na kazi yake.

Wiki mbili baadaye, ndani ya tangi safi, dume mmoja akaanza kung'aa. Alikuwa fulu mdogo wa kwenye mafunjo, wanasayansi humwita Pseudocrenilabrus multicolor, hafiki hata sentimita kumi. Mwili ulikuwa na manjano na buluu, na pezi la chini lina ncha nyekundu. Kisha jike akabeba mayai mdomoni. Karibu wiki mbili hakula kitu, shavu limejaa, mpaka siku alipowatema watoto wenyewe wakiogelea. Mama alivuta kiti akakaa. Hakutaja sufuria tena.

Na huyu si samaki mgeni kwa wafugaji. Jamii yake ya Mto Nile ilipewa jina la kisayansi mwaka 1903, na Wazungu wamekuwa wakiifuga nyumbani kwao miaka hii yote. Sisi tuliozaliwa kando ya maji yake ndio hatumjui.

Hapa ndipo mchezo unageuka kuwa jambo zito. Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za fulu na jamaa zao. Mbuta akaletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na wanasayansi wanakadiria aina kama 200 zilipotea. Mbuta hakuwa peke yake. Uchafu unaotiririka ziwani umefanya maji kuwa na ukungu, na utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa jike wa fulu huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka, haoni rangi, anapandana na wa aina nyingine, na tofauti zinafutika polepole. Miaka ya 1990, bustani za wanyama Marekani zilianza mpango wa kuzalisha fulu kwenye matangi ili wasiishe kabisa. Yaani kuna fulu wetu wanaotunzwa ng'ambo, na sisi huku tunawatunga kwa ndoana bila hata kuwaangalia mara mbili.

Sisemi tuache kula samaki. Mimi mwenyewe omena naipenda. Na sisemi tangi langu litaokoa ziwa. Ninasema huwezi kupigania kitu ambacho hujawahi kukiona kikiwa hai. Kwa hivyo kila shule ya sekondari ya Homa Bay na Migori iwe na tangi moja la fulu kwenye maabara. Vioo na silikoni fundi wa mtaani anavyo.

Ukitaka kuanza, tangi la lita 60 linatosha dume mmoja na majike watatu. Maji ya mfereji yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha. Endesha filta ya sponji wiki nne hadi sita kabla ya samaki, ukidondosha chembe za chakula kila siku ili bakteria wapate kazi. Weka vigae vya chungu majike wajifiche, maana dume ni mkali. Kila wiki badilisha robo ya maji, na sponji ioshe kwa maji ya tangi lenyewe. Joto la Homa Bay ni la bure, hita huhitaji. Stima ikipotea, chota maji kwa kikombe uyamwage juu juu yapate hewa.

Na la mwisho, tafadhali: ukichoka nao, usimwage samaki wa tangi mtoni wala ziwani, hasa wale wa kutoka ng'ambo. Mpe mwenzako. Mbuta naye aliletwa na watu waliodhani wanafanya jambo zuri.